Packard, Stutz na Duesenberg kwenye karatasi: niliyojifunza kwa kukusanya vyeti vya hisa vya zamani

Anayeanza kukusanya vyeti vya hisa vya watengenezaji wa magari ya kifahari ya zamani huanza kwa kulipenda gari. Mimi nilianza hivyo, na karibu kila niliyekutana naye kwenye jambo hili alianza hivyo. Lakini kulijua gari hakukusaidii sana siku ya kutoa pesa. Kinachouzwa ni karatasi, na karatasi ina tarehe yake, mchapaji wake, saini zake na matundu yake. Usipoweza kuisoma utalipa pesa nyingi kwa kitu kilichojaa tele sokoni, na kile kilicho adimu kitapita mbele ya macho yako. Naandika haya kwa ajili ya Mswahili mwenzangu, hasa aliyeko ughaibuni, ambaye ameanza kuvutiwa na vitu hivi na hana wa kumuuliza kwa lugha yake.

Ninaishi Dayton, jimbo la Ohio, Marekani. Mji huu una mchango mkubwa katika historia ya magari kuliko watu wanavyodhani. Starta ya umeme iliyofungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912, ile iliyomwondolea dereva kazi ya kuzungusha hendeli kwa mkono, ilibuniwa hapa na Charles Kettering na wenzake. Katikati ya mji kuna jengo lililojengwa mwaka 1917 kuwa duka la kuuzia Packard, na leo ni makumbusho ya magari hayohayo. Kwa muda mrefu nilikuwa nalipita tu. Siku nilipoingia nilikaa humo mpaka miguu ikachoka. Packard ilianzishwa na ndugu wawili, James na William Packard, kwenye mji wa Warren, hukuhuku Ohio, mwaka 1899, kisha ikahamia Detroit mwaka 1903. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, tajiri wa Marekani aliyetaka gari zito, la kimya, lisilomwaibisha njiani, alinunua Packard. Nilitoka mle nikiwa nimeshikwa. Gari lenyewe siwezi kulinunua wala sina pa kuliweka. Nilipogundua kwamba vyeti vya hisa vya kampuni ile vinauzwa kwenye intaneti kwa bei ya viatu, nikaagiza kimoja.

Kilikuwa cha miaka ya 1930, dola 35 pamoja na nauli ya posta. Nilikitoa kwenye bahasha juu ya meza ya jikoni, nikakipitishia kidole. Wino ulikuwa umeinuka juu ya karatasi, unausikia kwenye ncha ya kidole kama mshono wa ukili kwenye mkeka. Hiyo ni dalili ya kuchapwa kwa bamba la chuma lililochongwa: wino hukaa ndani ya mikato ya bamba, na karatasi hukandamizwa kwa nguvu nyingi mpaka iufuate huko chini. Pembeni kuna nakshi za mistari inayopindana na kurudiana, zilizotengenezwa kwa mashine maalumu ya kuchorea, na chini kabisa, kwa herufi ndogo mno, jina la mchapaji. Ukiona jina la American Bank Note Company, huyo ni mkongwe wa kazi hii tangu mwaka 1858, kampuni iliyochapa pia noti na stempu za nchi nyingi. Soko la hisa la New York lilizitaka kampuni zilizoorodheshwa zitumie vyeti vilivyochongwa namna hii, tena vyenye sura ya binadamu ndani ya picha. Sababu yake ilinifurahisha nilipoisoma: uso wa mtu ni mgumu kughushi, kwa kuwa ukikosea mkunjo mmoja tu wa mdomo, hata asiye mtaalamu anahisi kuna kitu hakiko sawa.

Mjomba wangu wa Tanga aliposikia nina hisa za Packard, swali lake la kwanza lilikuwa kama zinatoa gawio.

“Shikamoo mjomba. Hapana, hazitoi kitu. Kampuni ilishakufa.”

“Marahaba. Sasa mjomba, hisa za kampuni iliyokufa unazinunulia nini?”

Swali lake ni zuri na kila anayeanza anapaswa kulijibu kabla hajatoa senti. Packard iliungana na Studebaker mwaka 1954, na gari la mwisho lenye jina la Packard lilitoka mwaka 1958. Cheti nilichonacho kilirudishwa kwa kampuni, kikafutwa, na hisa zake zikahamishiwa kwa mtu mwingine miaka mingi kabla ya hapo. Hakidai chochote kwa yeyote. Thamani yake ni ile anayokubali kulipa mkusanyaji mwingine, basi. Nalisisitiza kwa sababu kwenye kundi moja la simu la Waafrika Mashariki wa huku alitokea mtu akiuza “hisa za zamani ambazo benki zinalazimika kuzikomboa kwa mamilioni”. Watu wazima wenye kazi zao walituma pesa. Karatasi zilikuwa halisi, ila ahadi ndiyo iliyokuwa ya uongo. Anayekuuzia cheti cha zamani kwa ahadi ya kukombolewa, achana naye hapohapo, hata kama ni ndugu.

Sasa nije kwenye matundu, maana hapa ndipo wengi wanapotishika. Cheti kilichofutwa hutobolewa: wakati mwingine ni matundu ya duara juu ya saini, wakati mwingine ni vijitundu vingi vinavyoandika neno la Kiingereza la kufuta, pamoja na tarehe. Mwanzoni nilivikwepa vyeti hivyo nikidhani vimeharibika. Kumbe tundu ndilo lililokiokoa. Cheti kilichouzwa kilirudi ofisini, kikatobolewa, kikagundishwa kwa gundi kwenye kishina chake, yaani kipande kilichobaki pale kilipochanwa, ndani ya daftari kubwa, na daftari likakaa kwenye ghala la kampuni au la benki kwa miaka. Ndiyo maana ukingo wa kushoto wa vyeti vingi una alama ya kuchanwa na doa la gundi la rangi ya chai. Doa hilo usilisugue, ni ushahidi kwamba cheti kilipita njia yake halali. Kilichokufa kabisa ni kile kilichobaki nyumbani kwa mwenye hisa baada ya kampuni kufilisika, akakitupa kwa uchungu au akawashia moto. Kwa hiyo kampuni kubwa, zenye hisa nyingi zilizouzwa na kununuliwa kila siku, zimetuachia vyeti vingi. Packard ilikuwa na hisa mamilioni, na vyeti vyake vya miaka ya 1930 hadi 1950 ni vingi mno. Ukiambiwa cha Packard cha miaka hiyo ni “adimu sana”, muuzaji ama hajui ama anajua vizuri. Vya mwanzo kabisa, vya miaka ya Warren na ile ya kwanza ya Detroit, hivyo ndivyo vigumu.

Nyuma ya cheti usipasahau. Huko kuna fomu ya kuhamisha hisa yenye saini na mashahidi, na mara nyingi stempu za ushuru. Jimbo la New York lilitoza ushuru wa kuhamisha hisa kuanzia mwaka 1905, na serikali kuu ya Marekani ilikuwa na stempu zake maalumu za kazi hiyo kati ya 1918 na 1952. Stempu inakuambia cheti kilihamishwa lini, si kilitolewa lini, kwa hiyo cheti cha 1912 chenye stempu ya 1919 si cha kutilia shaka. Kinachonigusa zaidi ni majina. Nyingi ni kampuni za madalali, lakini ukipata cheti chenye jina la mtu, mara kwa mara utakuta ni mwanamke, mjane au mwalimu wa mji mdogo, aliyeweka akiba yake kwenye magari ambayo huenda hakuwahi kuyapanda.

Baada ya Packard nilitaka kitu cha Duesenberg, na hapa nililipia elimu. Muuzaji mmoja wa kwenye intaneti alitangaza cheti cha kampuni hiyo, picha nzuri, bei ya kuvutia. Kilipofika, kidole kilinena kabla ya jicho: karatasi laini tupu, hakuna wino ulioinuka popote. Nikachukua kioo cha kukuzia. Mistari ya kuchongwa ni mistari kweli, imeshikamana mwanzo mpaka mwisho. Ile yangu ilikuwa nukta ndogondogo za bluu, nyekundu, njano na nyeusi zilizosimama kwa safu. Ilikuwa nakala ya mashine ya kawaida, tena hata “saini ya mkono” ilikuwa ya nukta zilezile. Muuzaji alikataa kurudisha pesa, akisema hakuandika popote kwamba ni halisi. Nilisoma tangazo upya, na kweli hakuandika. Nililala na hasira siku kadhaa. Tangu hapo nauliza kwa maandishi kabla ya kulipa: je, ni cha asili, kimechapwa kwa kuchongwa, saini ni za wino? Asiyejibu waziwazi simfuatilii. Tena nalipa kwa njia inayoniruhusu kudai pesa zangu, si kwa kumtumia mtu moja kwa moja.

Uchungu ule ulinisukuma kusoma historia ya Duesenberg vizuri, na nikakuta kwamba nilikuwa natafuta kitu ambacho hakipo. Gari linalofanya watu walitamke jina hilo kwa heshima ni Model J la mwisho wa 1928, lenye injini iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 265. Wakati huo Duesenberg haikuwa tena kampuni yenye hisa zake sokoni. E. L. Cord, mfanyabiashara aliyeiendesha kampuni ya magari ya Auburn, alikuwa ameinunua mwaka 1926, na hisa zilizouzwa kwa umma zilikuwa za Auburn Automobile Company na, kuanzia 1929, za Cord Corporation. Vyeti vyenye jina la Duesenberg ni vya kampuni ya awali ya ndugu Fred na August, ile iliyoanza Indianapolis mwaka 1920 na kuingia mikononi mwa mfilisi mwaka 1924. Kwa hiyo anayetaka karatasi iliyotoa pesa za kuunda Model J atafute Auburn au Cord, ambazo kwa kawaida ni nafuu zaidi, kwa sababu watu wengi huandika “Duesenberg” kwenye kisanduku cha kutafutia na kuishia hapo. Elimu ya namna hii ndiyo inayookoa pesa: jua nani alikuwa na hisa za nani, mwaka gani. Harry Stutz naye aliondoka kwenye kampuni yenye jina lake mwaka 1919, akaanzisha nyingine aliyoiita kwa herufi zake, H.C.S. Anayetafuta “Stutz” peke yake hataziona karatasi za H.C.S. hata zikiwa ukurasa wa pili.

Stutz yenyewe ndiyo iliyonikamata zaidi ya zote, na si kwa ajili ya Bearcat, ingawa lile gari dogo la mbio ni zuri mno. Ni kwa ajili ya mwaka 1920. Mwanzoni mwa mwaka ule hisa moja ya Stutz iliuzwa kiasi cha dola 100. Allan Ryan, aliyekuwa akiidhibiti kampuni, aligundua kwamba kuna madalali wanaouza hisa za kuazima. Wanaazima hisa, wanaziuza leo, wakitarajia bei ishuke wazinunue kwa bei chee, wazirudishe, na tofauti waiweke mfukoni. Ryan akanunua kila kilichouzwa, akakopa, akanunua tena. Tarehe 31 Machi bei ilikuwa imefika dola 391. Walioazima walipotaka kununua ili warudishe deni, hapakuwa na hisa ya kununua, zote zilikuwa mkononi mwa Ryan. Soko la New York likasimamisha biashara ya hisa hizo. Mwezi Aprili wadaiwa wakakubali kulipa dola 550 kwa kila hisa. Ryan alishinda, lakini alibaki na madeni makubwa na marundo ya hisa zisizo na mnunuzi, na mwaka 1922 akafilisika.

Fikiria basi cheti cha Stutz chenye tarehe ya Februari au Machi 1920. Kampuni ileile, mchapaji yuleyule, picha ileile, lakini karatasi hiyo ilikuwa ndani ya chumba wakati nyumba inaungua. Niliwahi kukiona kimoja cha majira hayo mnadani. Nilikuwa nimejiwekea kikomo cha dola 200, na bei ilikipita kikomo changu kabla sijashusha pumzi. Niliiacha mikono mezani, moyo unadunda. Baadaye nilipata cha miaka michache mbele, kwa bei inayolipika, nami nimekiridhia. Ila toka siku ile, kitu cha kwanza ninachotazama kwenye cheti chochote ni tarehe, kisha naiweka juu ya maisha ya kampuni. Pierce-Arrow ya Buffalo, iliyokuwa na taa zake juu ya madigadi ya magurudumu ya mbele tangu 1914 na iliyopelekwa Ikulu ya Marekani enzi za Rais Taft, ilichukuliwa na Studebaker mwaka 1928, ikarudishwa mikononi mwa wawekezaji wa Buffalo mwaka 1933, ikafa 1938. Cheti cha 1927, cha 1930 na cha 1936 ni habari tatu tofauti. Peerless ya Cleveland iliacha kutengeneza magari mwaka 1931, na marufuku ya pombe ilipoondolewa Marekani mwaka 1933, kiwanda kilekile kikageuka kuwa cha bia. Mwenye hisa aliyenunua magari ya kifahari akajikuta na hisa za bia, na wala hakufanya vibaya.

Kuhusu minada, jambo la kuliweka kichwani ni kwamba bei unayoitaja siyo utakayolipa. Nyumba nyingi za mnada huongeza ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 hivi au zaidi, kisha kuna kodi, nauli na bima ya mzigo. Ukinunua Ulaya kwa pesa ya huko, benki nayo inachukua chake kwenye kubadilisha. Mimi sasa nahesabu kwa kurudi nyuma: naanza na kiasi kilichomo mfukoni, natoa ada zote, kinachobaki ndicho kikomo changu mnadani. Nakiandika kwenye karatasi kabla mnada haujaanza.

Jambo jingine lililonichukua muda kulikubali ni kwamba vyeti vingi vizuri havina picha ya gari. Kampuni changa ambazo hazikuwa kwenye soko kubwa hazikuwa na pesa za kuchongesha bamba. Zilinunua fomu zilizokwisha kuchapwa, kama zile za Goes wa Chicago, zenye tai mwenye mabawa wazi na nafasi tupu ya kuandika jina la kampuni. Jicho la anayeanza linaruka karatasi hizo. Lakini ndizo zilizotolewa chache, zikatiwa saini kwa mkono na wakurugenzi wenyewe, wakati kampuni kubwa za baadaye zilichapa saini za wakubwa na kuwaachia makarani wa benki kutia za wino. Saini halisi ya mwanzilishi chini ya tai wa dukani ina uzito kwangu kuliko picha nzuri ya gari juu ya karatasi iliyochapwa maelfu kwa maelfu.

Ulaya ni ulimwengu mwingine. Huko hisa nyingi zilikuwa za mshikaji: hazina jina la mtu, aliyenayo ndiye mwenyewe, na gawio lililipwa kwa kukata kuponi kutoka kwenye karatasi iliyoambatanishwa. Hispano-Suiza ya Barcelona, iliyoanzishwa mwaka 1904 na Damián Mateu pamoja na mhandisi Mswisi Marc Birkigt, na Minerva ya Antwerp, ndizo ninazozipenda. Mpenzi wa vitu safi atataka karatasi yenye kuponi zote. Mimi napendelea iliyokatwa kiasi. Kuponi zilizokatwa ni miaka ambayo kampuni ililipa, na pale mkasi uliposimama ndipo pesa zilipokauka. Ukiwa na karatasi ya Minerva iliyofilisika mwaka 1934, unaweza kuhesabu kwa kidole mahali matumaini yalipokatika. Waingereza, kwa upande wao, walipenda vyeti vikavu: maandishi, muhuri wa kampuni, basi. Usitarajie karatasi ya Rolls-Royce Limited ipendeze kama gari lake.

Ukinunua vya Ujerumani, jihadhari na bei zilizoandikwa kwenye vitabu vya zamani vya wakusanyaji. Baada ya vita, shehena kubwa ya hisa na hati ilibaki kwenye vyumba vya chini vya iliyokuwa benki kuu ya Reichsbank, Berlin Mashariki. Baada ya nchi kuungana, shehena hiyo ikaanza kuuzwa kwenye minada kuanzia mwaka 2003, karatasi nyingi zikiwa zimetobolewa, na vitu vilivyokuwa adimu vikawa vya kumwaga. Bei ya kabla ya hapo haina maana leo. Katika orodha za minada hiyohiyo ya Kijerumani nimewahi kukutana na hisa za kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ile iliyopewa ukanda wa pwani na Sultani wa Zanzibar mwaka 1888 na kuamsha vita vya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwaka uliofuata. Siyo gari, na sikununua. Nilimtumia mjomba picha yake. Alinipigia usiku uleule, na safari hii hakuuliza habari za gawio. Alitaka nimsomee kila neno lililomo.

Utunzaji, sasa. Kwetu cheti cha maana kinapelekwa steshenari kutiwa laminesheni, kuanzia cha kuzaliwa mpaka cha ndoa. Mdogo wangu alipokuja kunitembelea alijitolea kunifanyia hivyo vyote, kwa nia njema kabisa, na nilimshika mkono akiwa na cha Pierce-Arrow. Joto la mashine na gundi yake haviondoki tena, na cheti kilichotiwa laminesheni kwa mkusanyaji ni kama hakipo. Selotepu ni vilevile, inaacha doa la njano linalopenya hadi upande wa pili. Weka kila cheti ndani ya mfuko wa poliesta, uepuke mifuko laini ya plastiki ya PVC yenye harufu, kisha ndani ya boksi la karatasi isiyo na asidi, kikiwa kimelala. Usikunje tena mahali palipokuwa na mkunjo. Mikono iwe imeoshwa na kukauka.

Nilimpelekea mjomba cheti kimoja cha Packard kwenye fremu, akakitundika sebuleni Tanga, kinatazamana na dirisha. Masika mbili baadaye kilikuwa na koga kwenye kona na rangi ya nakshi imefifia. Unyevu wa pwani hauna huruma na karatasi, na jua halina huruma na wino. Anayetaka kutundika nyumbani atundike nakala nzuri, cha asili kibaki ndani ya kabati pakavu, mbali na ukuta wa nje na mbali na mchwa.

Na niseme wazi kuhusu pesa, kwa sababu sisi tulio nje tuna majukumu ambayo mkusanyaji Mmarekani hanayo. Kulikuwa na mwezi niliokuwa nafuatilia mnada huku ada ya shule ya mtoto wa dada yangu inasubiri. Niliona aibu, na mke wangu hakunificha alichokiona. Tukakubaliana: ya nyumbani na ya kutuma yatoke kwanza, kisha kiasi kidogo cha kila mwezi kiwe changu, kisichotumika kinalimbikizwa. Nunua kidogo, soma sana. Usinunue ukitegemea kuuza kwa faida. Ukimuuzia mfanyabiashara, jiandae kupokea nusu ya ulicholipa, pengine chini yake. Andika pia daftari: kila cheti, ulikinunua wapi, bei gani, na kwa nini kina maana. Siku ukiwa haupo, waliobaki wajue kwamba boksi hili si takataka na pia si urithi wa kugombaniwa mahakamani. Ukitaka wenzako, kuna International Bond & Share Society, chama kilichoanzishwa London mwaka 1978, ambacho wanachama wake wapo nchi nyingi na hawachoki kujibu maswali ya anayeanza.

Ninachokitafuta sasa ni cheti cha Lincoln Motor Company ya Henry Leland. Mzee huyu aliijenga Cadillac, akaondoka mwaka 1917 akaanza upya na mwanawe, wakatengeneza injini za ndege za vita, kisha gari la Lincoln mwaka 1920. Novemba 1921 kampuni ikawekwa chini ya mfilisi, na tarehe 4 Februari 1922 Henry Ford akainunua kwa dola milioni 8. Dirisha la tarehe ni finyu, miaka michache tu. Nimeviona viwili mpaka sasa: kimoja kilikuwa kimepunguzwa kingo kwa mkasi ili kiingie kwenye fremu, kingine muuzaji hakutaka kunionyesha upande wa nyuma. Vyote niliviacha. Kikomo changu nimeshakiandika.